Siku Funguo za Mzee Mutua Zilipogoma

Wacha niwaambie mwenyewe, kwa sababu mkiisikia kwa Mama Brayo ataitia chumvi mpaka mshindwe kuimeza. Aibu ilinipata mimi, Nekesa, mama wa Shantel, mtu mzima wa miaka thelathini na saba, mbele ya uwanja mzima wa watu, na kundi kubwa la hao watu niliwaalika mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Hapo ndipo pananiuma. Mtu akiaibika mbele ya watu asiowajua anaenda nyumbani anaoga, imeisha, lakini mimi aibu yangu niliitafutia mashahidi, na juu ya hayo nikawaambia waje na sare ya kwaya.

Si mnajua vile niliacha kuuza viatu vya mitumba pale soko la Toi nikaenda kusomea kuchomelea vyuma. Watu walinicheka (Shantel alicheka kuliko wote, akaniuliza kama nitakuwa nikivaa ile barakoa ya kuchomelea hata kwa mkutano wa wazazi shuleni kwao), lakini nilijiandikisha kwenye chuo kimoja cha ufundi kule Kawangware, na kila asubuhi natoka Kisumu Ndogo kwa miguu, napita Toi nikisalimia wenzangu wa zamani, navuka Ngong Road, naenda darasani na watoto ambao ningeweza kuwazaa.

Chuoni kuna mzee wa stoo anaitwa Mzee Mutua, mtu wa Kitui, mwembamba, mkimya, koti lake la karakana limepigwa pasi mpaka mstari wa mkono unauona ukiwa getini. Kazi yake ni kutoa vifaa asubuhi na kuvipokea jioni. Kila mwanafunzi ana vibati vitano vya duara vyenye namba yake. Ukitaka kifaa unaenda dirishani, unataja namba, unatoa kibati, yeye anakitundika kwenye msumari pale kifaa kilipokuwa, ndiyo anakupa. Jioni ukirudisha kifaa unarudishiwa kibati chako. Majina yetu hayatumii. Mimi ni Kumi na Saba. Hata tukikutana Toi siku ya Jumapili nikiwa na gauni la kanisa ananiambia tu, "Kumi na Saba, habari ya ibada." Na kwa miaka yote ambayo ameshika hizo funguo, hakuna hata bisibisi moja imewahi kupotea. Kila mtu chuoni anasema hivyo. Yeye hasemi, lakini ukimwambia anakohoa kidogo na kuangalia kando, na unaona kabisa kwamba amefurahi.

Sasa kila mwaka wanafunzi wanachagua mfanyakazi bora wa chuo, na mwaka huo tulimchagua Mzee Mutua, sisi wa vyuma, wa mabomba, wa kushona, hata wale wa ususi ambao stoo wanaenda tu kuomba mafuta ya mashine ya kunyolea. Tuzo huwa hainunuliwi. Wa mapishi wanapika, wa kushona wanapamba hema, na sisi wa kuchomelea tunatengeneza tuzo. Mwalimu wetu, Mwalimu Owino, akanipa mimi hiyo kazi.

"Mama Shantel," akaniambia, "hii ndiyo nitakupimia nayo kwa vitendo, ndiyo uingie mtihani wiki ijayo. Na ni siri. Mzee asijue chochote mpaka sherehe ya Ijumaa."

Nikafikiria usiku kucha. Nikaamua nitamtengenezea kufuli. Kufuli kubwa la chuma, ukubwa wa mkate wa familia, mwili wake sanduku la mabati manne, kitako na mfuniko, juu nondo iliyokunjwa. Nilikuwa najiona fundi wa kuandikwa kwenye gazeti.

Alhamisi mchana nikafika mahali pa kuunga kona, nikahitaji sumaku ya kona. (Kwa nyinyi ambao hamjawahi kuchomelea: ni kipande cha pembetatu, chekundu, unakibandika kwenye kona ya mabati mawili, kinayashika yasimame wima mpaka uyaunge, yaani ni kama kuwa na msaidizi ambaye haombi chai.) Nikaenda dirishani. Shida ni kwamba Mzee Mutua kabla akupe kifaa anauliza, "Cha kazi gani?" na mimi huu uso wangu haujui kuficha kitu. Nikafika nikamkuta amenipa mgongo, yuko mlango wa nyuma anapokea mitungi ya gesi, anaihesabu, na dirisha liko wazi, na sumaku hiyo hapo karibu, yaani kama inaniita. Nikajiambia ni dakika ishirini tu, nairudisha kabla hajageuka, na hata kibati nisiache maana nikiacha ataniuliza cha kazi gani. Nikaingiza mkono nikaichukua. Ni hivyo tu. Kila kitu kingine kilitoka hapo.

Nikaibandika kwa ndani, kwa sababu nje nilitaka pabaki laini. Nikashikisha kona ya kwanza, ya pili, mabati yakasimama vizuri, na simu ikalia. Ni Mama Brayo, kiongozi wa kwaya yetu, anataka kujua kesho waje na sare ya zambarau ama ya kijani, na kama kutakuwa na pilau, na kama wanaweza kuimba nyimbo mbili ama tatu. Mnamjua Mama Brayo, simu yake haina mwisho. Nikiwa nimeibana simu na bega nikapima mfuniko, nikauweka juu, nikaubana, na tulipomaliza kuongea nikashusha barakoa nikachomelea pande zote nne kwa mkupuo mmoja. Aki ya nani, sijawahi kuchomelea vile. Mstari ulitoka laini, sawa, hauna hata tundu la sindano. Mwalimu Owino akaja akapitisha kidole.

"Hapa hata maji hayaingii," akasema.

Nikapaka rangi ya fedha, nikafunika na leso, nikatembea mpaka Kisumu Ndogo nikiimba.

Ijumaa asubuhi, kwenye paredi, Mzee Mutua akaja mbele. Hajawahi kuja mbele. Kumbe Alhamisi jioni, akifunga, alikuta msumari mmoja mtupu, hakuna kifaa na hakuna kibati. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka tukaacha kunong'ona ndiyo tumsikie.

"Sumaku ya kona, nyekundu, namba tatu," akasema. "Aliye nayo ailete tu. Sitamuuliza kitu."

Nikaona giza. Nilikumbuka kuichukua kama vile ninavyokumbuka jina langu. Kuirudisha, sikukumbuka hata kidogo. Nikapekua mkoba, nikapekua mifuko ya koti, nikampigia jirani aangalie chini ya kitanda, akapata soksi na kijiko. Na sasa mtaniuliza kwa nini sikusema hapo hapo wakati mzee mwenyewe ameahidi hatauliza. Sikusema kwa sababu kanuni ya chuo ni kwamba ukichukua kifaa bila kibati unakaa nje wiki mbili, na mtihani wangu ulikuwa wiki ijayo, na pia nilijua nikisema ataniuliza nilikuwa naifanyia nini, na siri ya tuzo itatoka. Uoga ukitafuta sababu hauzikosi.

Akapita kwa kila mmoja wetu. "Kumi na Saba, umeiona sumaku?"

"Sijaiona, Mzee."

Na ilikuwa kweli kabisa, sijaiona, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Basi nikapata akili ya ajabu. Saa ya chai nikatoroka na koti langu la karakana mpaka kwa duka la vifaa vya ujenzi pale karibu na steji ya matatu Kawangware, nikanunua sumaku mpya, nyekundu, pembetatu, pacha kabisa. Nikarudi mbio, nikangoja Mzee ameinama kuangalia chini ya rafu kwa mara ya kumi, nikapitisha mkono dirishani nikaitundika kwenye msumari wake nikasema, "Mzee, si hii hapa?"

Akaisogelea. Uso ukafunguka, nikamuona vile alivyokuwa kijana. Halafu akaigeuza nyuma, akaisogeza karibu na macho, na uso ukafungika.

"Yangu niliigonga namba tatu kwa mkono wangu mwenyewe," akasema. "Hii ni mgeni. Kuna mtu ananiona mimi mjinga."

Mwalimu Owino alikuwa amesimama hapo nje. Mzee Mutua akamwambia kwa utaratibu tu kwamba leo sherehe ikiisha anarudisha funguo kwa Madam Prinsipo, mkuu wetu wa chuo, maana yeye amezeeka, wacha waje wenye macho. Hakuwa na hasira. Angepiga kelele ningevumilia. Mwalimu akaninong'oneza, "Usijali, akiiona tuzo atabadilisha mawazo," na mimi nikaitika kwa kichwa, na huku mtu alikuwa karibu kuacha kazi yake ya maisha kwa ajili ya mkono wangu.

Saa nane hema limejaa. Kwaya yangu imefika, zambarau tupu, wameketi safu ya pili na sahani zao za pilau tayari zimekwisha. Kwenye meza ya mbele tuzo imefunikwa na leso. Madam Prinsipo akaeleza mambo ya mwaka, nani amepata kazi wapi, nani ameanzisha karakana yake, halafu akataja jina la Mzee Mutua na kufunua leso. Vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wa getini akabweka. Mzee akaja pole pole. Akaliangalia lile kufuli kwa muda mrefu. Hakuligusa. Akaomba maiki.

"Asanteni," akasema. "Juzi ningeichukua na ningelala nayo kitandani. Leo siwezi, kwa sababu mnanipa kwa kutopoteza kitu na mimi nimepoteza. Nimepoteza na sijui hata ni lini." Akafungua ule mshipi wake, akatoa kile kitita cha funguo, akakiweka mezani mbele ya Prinsipo, hapo kando ya tuzo.

Funguo zikasogea. Zilisogea zenyewe, watu wa mbele waliona, zikateleza juu ya kitambaa cha meza kama inchi moja hivi, zikagonga kufuli, tak, zikabaki zimening'inia ubavuni.

Madam Prinsipo, maskini, akafikiri ameona vibaya. Akazichukua ili amrudishie mzee, zikakataa. Akavuta. Tuzo ikamfuata. Akaishika tuzo kwa mkono mmoja akavuta funguo kwa mwingine, na hema lote linamwangalia anapigana na kufuli.

Ndipo Mama Brayo akasimama. "Mungu amekataa," akasema. "Amekataa huyu mzee aondoke." Na bila kungoja mtu akaanzisha wimbo, na kwaya ikadaka, na watu wakasimama, na Prinsipo mwenyewe akainua mkono mmoja juu (ule mwingine bado umeshika funguo). Mzee Mutua akavua kofia. Machozi yakamtoka, na maiki ilikuwa bado mdomoni, kwa hivyo sote tulimsikia akisema, "Kumbe bado ananitaka."

Mimi nilikuwa nimejua tangu ile tak. Nilijua sumaku iko wapi, iko kona gani, imeangalia upande upi. Na sasa niambieni nyinyi mngefanya nini, kwa sababu mambo yote yalikuwa yamejipanga yenyewe, mzee anabaki, Prinsipo amefurahi, kwaya imepata muujiza, mimi nina mtihani wangu, kilichotakiwa ni ninyamaze tu niimbe sauti ya pili. Nilifungua mdomo niimbe. Halafu nikamwona mzee anajipangusa na ile kofia, na nikajua kwamba kila asubuhi atafungua ile stoo aangalie ule msumari na kujiambia ni yeye aliyepoteza, na kila usiku atamshukuru Mungu kwa kitu nilichofanya mimi na simu begani. Nikasimama.

Kwaya waliponiona nimesimama wakapiga vigelegele. "Ana ushuhuda," akasema Mama Brayo. "Mpeni maiki."

Nikapewa.

"Si muujiza," nikasema. "Ni sumaku. Iko ndani. Niliichukua Alhamisi bila kuacha kibati, nikaisahau, nikaichomelea humo."

Wimbo haukukatika mara moja, soprano walimalizia maneno mawili hivi peke yao. Mama Brayo alikuwa na mikono yote miwili juu, akaishusha pole pole akijifanya anarekebisha kitambaa cha kichwa. Nilitamani ardhi ya Kawangware ipasuke, lakini ilikuwa imemwagiwa saruji na wanafunzi wetu wa ujenzi, na ni wazuri.

Mzee Mutua akavaa kofia. Akaisogelea tuzo, akabisha na kifundo cha kidole, kona moja, nyingine, ya tatu, akasikiliza. Kisha akazitelezesha funguo kando kwa kidole gumba, zikatoka bila shida, kwa sababu kitu kilichoshikwa na sumaku hakivutwi, kinatelezeshwa, na yeye anajua.

"Namba tatu?" akaniuliza.

"Namba tatu, Mzee."

"Na ile mgeni ya asubuhi?"

"Pia ni mimi."

Hapo Madam Prinsipo akaketi, akaficha uso kwa ile karatasi ya hotuba. Nikafikiri analia. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na kumbe ni kicheko kimemshinda, na aliposhindwa kujizuia hivyo hema lote nalo likaachilia, watu wakacheka mpaka kwaya ikajiunga, na mimi katikati na maiki, sijui niirudishe kwa nani.

Mwalimu Owino akakimbia stoo kuleta grinda ya kukatia. Mzee Mutua akamfuata. Mwalimu akarudi nayo amenuna kidogo, tukajua hata yeye amelazimishwa kuacha kibati. Akaanza kukata kona ya mfuniko, cheche zikaruka, kwaya yote ikahama safu kulinda zambarau yao. Anakata, anasimama, anakata. Diski ya kwanza ikaisha. Akaweka ya pili, jasho linamtoka, akasema kwa sauti ili hata Prinsipo asikie, "Huyu mama amechomelea kweli kweli." Mwishowe bati likakunjika, akaingiza koleo, akaitoa, imejaa masizi, na nyuma yake tatu imegongwa.

Akanipa mimi. Nikaipeleka kwa mikono miwili kwa Mzee Mutua, nimeinamisha kichwa, nikasema, "Nisamehe."

Akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Vifaa havirudishwi hapa," akasema. "Vinarudishwa dirishani."

Akatangulia. Nikafuata na sumaku yangu. Nikasikia viti vinasukumwa nyuma yangu, nikageuka, na hema zima lilikuwa linakuja, Prinsipo, walimu, wageni, kwaya, wapishi na miiko yao. Mzee akaingia stoo, akafunga mlango, akafungua dirisha kutoka ndani.

"Namba?"

"Kumi na saba."

"Unarudisha nini?"

"Sumaku ya kona."

Akaipokea. Akaipangusa masizi kwa kitambaa, akaigeuza akasoma namba, akaipulizia vumbi, akaenda akaitundika. Akasimama hapo ndani anaangalia ukuta wake wote, safu kwa safu, na hakuna mtu nje aliyemharakisha. Kisha akafunga dirisha, akatoka, akafunga mlango, akavuta kufuli mara mbili kuhakikisha, akarudisha funguo kwenye mshipi.

"Sasa naweza kupewa," akasema.

Nimeenda harusi nyingi na sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Alipewa tuzo yake palepale mlangoni pa stoo, ikiwa na tundu la kuingiza mkono, imechunika rangi, na akaibeba kifuani kama mtoto aliyetoka hospitali. Nilimwomba aniachie niizibe nipake rangi upya. Alikataa. Alisema akifika nyumbani watamuuliza hili tundu ni la nini, na yeye kwa miaka yote hajawahi kwenda nyumbani na hadithi.

Ile adhabu je? Prinsipo alimuuliza Mzee Mutua, na mimi nikajua nimepona, kumbe wapi. "Kanuni ni kanuni," akasema, "wiki mbili nje ya karakana." Halafu akakohoa akaangalia kando. "Lakini stoo si karakana." Kwa hivyo wiki mbili nilikaa naye dirishani napokea vibati na kuuliza watoto wa watu, "Cha kazi gani?" na siku ya mtihani akaniruhusu nitoke saa tatu nirudi saa sita. Nilipita. Mwalimu Owino aliandika kwenye fomu kwamba kazi ya mwanafunzi huyu imejaribiwa hadharani na diski mbili.

Kanisani bado wananiita Dada Muujiza, na Shantel ameikamata, ananiita hivyo hata mbele ya walimu wake. Wacha wacheke, nimestahili. Siku hizi hata nikifunika sufuria ya maharagwe nachungulia ndani kwanza. Na nikikosea kitu asubuhi nakisema asubuhi hiyo hiyo, nikiwa na njaa, nikiwa naogopa, vyovyote vile, kabla kwaya haijafika.